Jina halikatwi: onyesho la mfarishi wa viraka Lamu

Asubuhi tulihesabu sindano 30. Ilipoadhiniwa adhuhuri tukazihesabu tena: 28. Uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, hupitwa na watoto pekupeku kutwa nzima, kwa hiyo hapakuwa na la kungoja. Nilipiga magoti na sumaku niliyoazima kwa fundi wa redio, nikawa naiburuta juu ya vumbi na majani makavu kama mtu aliyepoteza kipuli. Moja ilinaswa ukingoni mwa mkeka. Ya pili tuliikuta kwenye buibui la mwenzangu, begani, alikoichomeka mwenyewe alipoitwa upesi.

Watu wakiniuliza habari za onyesho lile huuliza mfarishi ulitokaje. Ulitoka, na nitafika huko. Lakini mambo yalikuwa Jumamosi mbili za Agosti, ya kwanza iliyotushinda na ya pili iliyokubali, na wiki moja kati yake ambayo tuliutupa mpango wote tukaandika mwingine nyuma ya karatasi ile ile.

Tulichoombwa

Kikundi kimoja kinachoandaa shughuli za likizo ya shule kilitaka kitu ambacho mama na watoto wake watakifanya pamoja. Tulikuwa watatu: mimi fundi cherehani, mwenzangu fundi vilevile, na mwalimu wa chekechea ambaye hajui kushona hata kifungo, na ndiye aliyekuja kutuokoa. Tulipewa shilingi 3,500, mikeka miwili na ahadi ya chai. Tukaamua kuonyesha namna ya kushona mfarishi wa viraka.

Kwa asiyeujua, mfarishi ni nguo ya tabaka tatu. Juu una uso, ulioungwa kwa vipande. Katikati una kijazo. Chini una mgongo, kwa kawaida kitambaa kimoja kizima. Kisha tabaka zote hupigwa bandi pamoja, ukingo hadi ukingo, ili kijazo kisihame. Bandi hizo ndizo zinazoufanya mfarishi. Bila hizo, ukiufua mara moja tu kijazo chote kinakimbilia pembe moja.

Wako waliotuambia hiyo ni kazi ya wazungu. Kweli Marekani wameifikisha mbali, na si wazungu peke yao: wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa ili nyumba zao zipate joto, na tangu 2002 kazi hizo zimetundikwa kwenye makumbusho makubwa ya sanaa. Lakini pwani hii hatukuanza jana kuunga vipande. Leso yenyewe ina jina la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi, na katika karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado jora moja, wakavikata na kuviunga sita sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi. Yaani leso za mwanzo zilikuwa na mishono katikati. Habari hii niliipenda mno, nikaitengea robo saa nzima kwenye mpango. Likawa kosa la kwanza.

Jumamosi ya kwanza

Mpango ulikuwa wa saa mbili, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi. Historia dakika 15, kukata 20, kuunga 30, kupanga tabaka 20, kupiga bandi 30. Ukiusoma sasa unaona waziwazi kwamba aliyeuandika alidhani anakwenda darasani.

Mkunguni si darasani. Soko liko pale pale ubavuni mwa ngome. Mama anapita na kikapu chake, samaki yumo ndani na jua linapanda. Hata akipendezwa, ana dakika kumi. Watoto wana chuo cha Kurani saa nne. Mwingine ametumwa unga. Punda amebeba mawe ya kujengea, lazima mkeka ukunjwe apite. Tulianza na watoto kama 40, wamekaa safi, na mimi nawaeleza Wareno. Nilipofika kwenye kukata walikuwa wamebaki nusu. Kwenye bandi nilikuwa na saba, na watatu kati yao ni wa mwenzangu.

Halafu kulikuwa na sufi. Nilitaka kijazo kiwe cha hapa hapa, nikakumbuka mito ya nyumbani iliyoshindiliwa sufi la msufi, laini, jepesi, halishiki maji. Nikanunua mfuko mzima. Jambo ambalo kila mtoto wa Lamu analijua, na mimi nililisahau kwa furaha, ni kwamba Agosti ni kusi. Nilipofungua mfuko upepo uliingia kabla ya mkono wangu. Sufi lilipaa, likaenda likatua kwenye mikungu, kwenye vikombe vya kahawa vya wazee waliokuwa wamejikalia zao barazani, kwenye ndevu. Watoto walifurahi kuliko walivyofurahia kitu kingine chochote siku ile, wakawa wanalikimbiza. Mzee mmoja akainua kikombe, akakitazama, akaniambia, "Fundi, leo tunakunywa mto?" Sikuwa na la kumjibu. Viraka navyo vikafuata upepo, kwa sababu vilikuwa vya mraba wa sentimita 12, vyepesi kama karatasi, na sikuvitilia uzito.

Vipimo hivyo pia vilinisaliti. Kiraka cha sentimita 12, ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande, kinabaki 10 safi, na 48 vinakupa mfarishi wa sentimita 80 kwa 60. Hesabu nzuri. Lakini mtoto wa miaka minane hashoni mstari ulio sentimita moja sawasawa kutoka ukingoni. Anashona kama mto unavyokwenda baharini. Vipande viwili vya watoto wawili havikukutana pembe hata mara moja, na kila mara nilikuwa nachukua sindano mkononi mwa mtoto ili "nimsaidie kidogo". Mwalimu wa chekechea aliandika idadi. Niliwapokonya mara 14.

Lililonikaa zaidi, hata hivyo, lilitokea kwenye kukata. Nilikuwa nimetandaza leso ya kale, nzuri, pindo lake bado jeusi, na mkasi uko mkononi. Leso ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina, yale maneno. Nikapanga kuupasua mji katika safu, na safu ya mwisho ilikuwa inalipita jina katikati. Bibi mmoja wa Langoni aliyekuwa amesimama nyuma ya watoto, kimya muda wote, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Weye, usikate hapo."

Nikasita.

"Jina halikatwi, mwanangu. Na hilo lina Mola ndani. Mtu aje alikalie?"

Nilitazama. Ni kweli, neno Mola lilikuwa linakwenda kugawanyika, Mo huku na la kule. Nikauweka mkasi chini. Mimi hukata leso kila wiki, za madera, za mapazia, na sijawahi kusoma ninachokikata. Kwangu leso ni mita na upana. Kwake ilikuwa maneno ambayo mtu alimchagulia mtu. Mama mmoja pembeni akaikunja taratibu leso aliyokuwa ameileta kuchangia, akairudisha kwenye kikapu. Baadaye nilisikia ilikuwa ya marehemu mamake, na alikuwa bado hajajua moyoni kama anataka ikatwe au la. Tulimwomba alete nguo ya zamani, hatukumwuliza ni ya nani.

Mwenzangu anasema nilitishika bure, na kwamba nguo ikishachakaa ni nguo tu. Hatujakubaliana mpaka leo.

Na wavulana? Wavulana walisimama kwenye ngazi za ngome wakitazama kwa mbali. Hapa Lamu, ambako wanaume hushona kofia za vito wakiwa wamekaa barazani na hakuna anayewacheka, nilifanikiwa kuifanya sindano ionekane ni ya wasichana. Picha zote nilizotundika zilikuwa za mablanketi ya vitanda, yenye maua.

Tulipokuwa tunakusanya vitu, bibi yule alikuja akakaa mkekani. Akachukua sindano na uzi, akaviinua kuelekea mwanga, akajaribu mara mbili. Kisha akamwita msichana mdogo aliyekuwa bado anaokota sufi: "Ndoo, mwanangu, nitungie. Mato yangu hayaoni tundu." Mtoto akatunga mara moja, akampa. Bibi akapiga fundo kwa kuuzungusha uzi kidoleni na kuusugua, bila hata kutazama. Mtoto akasema, "Umefanyaje?" Wakakaa pale robo saa, wawili peke yao, wakifunga mafundo kwenye kitambaa kisicho na kazi.

Mimi nilikuwa natafuta sindano mbili zilizopotea. Mwalimu wa chekechea ndiye aliyeona.

Karatasi iligeuzwa

Jioni ya pili tulikutana kwa mwenzangu, tukanunua kahawa na halua, nikaanza kutetea mpango wangu: labda tuanze mapema zaidi, labda tukatae wanaochelewa. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Mtoto akikaa dakika kumi tu akaondoka, ameondoka na nini?" Nikafungua mdomo. Kwa mpango wangu, mtoto huyo alikuwa anaondoka na Wareno.

Basi tukaupanga upya kwa dakika kumi. Kila anayefika, saa yoyote, lazima afanye kitu kizima ndani ya muda huo, na afanye na mtu mwingine. Tukachukua kile alichokiona kwa bibi na mtoto, tukakifanya kuwa kanuni: mtoto anatunga uzi, mkubwa anapiga fundo, mtoto anashona mishono mitano, mkubwa anakata uzi. Hakuna anayekamilisha peke yake. Mtoto aliyekuja bila mkubwa anaazimwa bibi, na bibi aliyekuja bila mjukuu anaazimwa mtoto. Sheria ya tatu ilinihusu mimi: mikono yangu nyuma ya mgongo.

Kukata tukakuondoa kabisa. Ujumbe uliotumwa majumbani ulisema kila nyumba ilete kiraka kimoja kilichokwisha kukatwa, cha ukubwa wowote, wasichojutia. Aliyekata nyumbani amekwisha kuamua, na kama kuna jina, ameliacha alipotaka. Faida nyingine hatukuitegemea: uwanja usio na mkasi ni uwanja usio na mtu wa kupiga kelele "weka mkasi chini".

Lakini viraka vya ukubwa wowote vitaungwaje bila vipimo? Hapo tuliazima ujuzi kutoka ng'ambo ya bahari hii hii. Kule India, katika jimbo la Karnataka, wako Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao wazee wao walivuka bahari miaka mamia iliyopita, wengi kwa utumwa, wengine kama askari na mabaharia. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Hawaungi uso kwanza. Wanatandaza mgongo, wanaweka kijazo cha nguo kuukuu, kisha wanaanza ukingoni: kiraka kinakunjwa upindo, kinawekwa, kinapigwa bandi moja kwa moja kupita tabaka zote, kinachofuata kinapanda juu ya ukingo wa kilichotangulia, na kazi inazunguka hivyo ikielekea katikati. Kuunga na kupiga bandi vinakuwa tendo moja. Pembe haziwezi kukataa kukutana kwa sababu hazitakiwi kukutana. Na kwenye pembe nne za nje wanaongeza vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, maua. Bila hayo wao huuona mfarishi uko uchi.

Kwetu njia hiyo ilikuwa na uzuri mwingine: kuna kingo nne, kwa hiyo jozi nne zinaweza kushona kwa pamoja bila kusukumana.

Sufi tukaliacha likajaze mito. Kijazo kikawa shuka moja kuukuu, iliyolainika mpaka sindano inapita bila kusukumwa na kastabini. Kwa joto letu hata hilo linatosha. Mgongo ukawa marekani, ile nguo ghafi iliyobaki na jina la nchi iliyokuwa ikiileta kwa meli karne ya 19.

Kwenye daka

Jumamosi ya pili hatukukaa uwanjani. Mwenye nyumba moja ya mawe, hatua chache kutoka Mkunguni, alituruhusu kutumia daka lake, ule ukumbi wa mlangoni. Sijui kwa nini sikulifikiria mwanzo. Daka lina baraza mbili za mawe zinazotazamana, kuta nene zinazozuia kusi, na kivuli mpaka saa sita. Wakubwa walikaa juu barazani, watoto chini mkekani, mfarishi katikati; magoti ya bibi yako sawa na bega la mtoto, na ndio kimo hasa cha kumwelekeza mtu mkono.

Sindano zilikuwa 12 tu, zenye matundu makubwa, zimechomekwa kwenye mche wa sabuni. Sabuni huifanya sindano iteleze kitambaani, mafundi wanajua, lakini mimi niliitaka kwa sababu ya matundu: sindano ikitoka inaacha tundu, na kila baada ya mzunguko mwalimu alitazama mche tu. Tundu tupu, sindano iko mkononi mwa nani? Siku ile sumaku haikutoka mfukoni. Walio chini ya miaka sita walipewa kipande cha gunia na sindano butu ya sufu. Wengine walilia wakitaka "ya kweli", na wawili walipewa, wamepakatwa.

Tuliweka pia vipande vitatu vya mfano: kimoja kina tabaka tu, kingine kimeshonwa ukingo, cha tatu kimekwisha. Nilidhani watatazama cha tatu. Watoto karibu wote walikishika, wakakigeuza, wakakaa kutazama mgongo, ambako hakuna rangi wala maua, ni mistari ya bandi tu, nyeupe juu ya marekani, inayozunguka na kuzunguka. Mmoja akaifuata kwa kidole kutoka nje hadi katikati, akasema ni kama konokono. Nisingeweza kueleza kawandi vizuri kuliko hivyo, nikanyamaza.

Wavulana walikuja kwa sababu ya fundi wa tanga. Tulimwomba alete kipande cha tanga la jahazi lililotiwa kiraka, akakaa kwenye baraza ya nje akiendelea na kazi yake, sindano yake ndefu kama kidole. Hakufundisha mtu. Mvulana wa kwanza alimwuliza kiraka kikifumuka baharini itakuwaje. Alimjibu, "Utarudi kwa makasia," akaendelea kuvuta uzi. Baada ya hapo mshono wa bandi ulikuwa jambo la heshima, na wale wale wa kwenye ngazi walikuwa wanagombania upande wa kaskazini wa mfarishi.

Historia ya leso sikuisimulia kwa mtu yeyote aliyekuwa hajauliza. Waliouliza walikuwa wanne.

Tulipofunga kwa ajili ya adhuhuri niligeuza mfarishi nikahesabu mafundo, maana kila jozi iliacha fundo lake. Yalikuwa 71. Hayo ndiyo mahudhurio yetu, na ni hesabu ninayoiamini kuliko karatasi ya majina. Kingo zote nne zilikuwa zimefungwa, pembe zina phula, na katikati palibaki uwazi wa kiganja ambao haukufikiwa. Bibi wa Langoni, aliyekuwapo tangu asubuhi na kutungiwa uzi na watoto tisa, akasema ataumalizia nyumbani.

Nilikwenda kuuchukua Jumatano. Alikuwa amekaa dirishani, mfarishi magotini, uwazi wa katikati umekwisha kuzibwa kwa kiraka cha buluu. Alikuwa ameshafika ukingoni. Kando yake palikuwa na kilima kidogo cha nyuzi zilizofumuliwa, za kila rangi, na upande mzima wa mashariki ulikuwa na bandi zilizonyooka kama rula.

"Walikuwa wameshona ovyo," akaniambia. "Nimekunyoshea upande huu, bado pande tatu."

Nikamwomba kwa adabu zote aniachie hizo tatu. Alinitazama kama mtu anayeombwa aache nyumba nusu imefagiliwa, lakini akaukunja akanipa. Watoto wameambiwa waje kuuona Jumamosi. Mvulana mmoja amepita dukani mara mbili tayari kuuliza kama fundo lake bado lipo, na kila nikimwuliza lilikuwa upande gani ananionyesha kwa kidole, mashariki.